Ampli, nyimbo 9 na ujumbe wa saa 5 usiku: uchambuzi wa kisa cha mpiga solo aliyeihama bendi

Kisa hiki ni cha bendi ya roki ya Arusha. Majina ya watu, jina la bendi, mtaa wa mazoezi na hoteli iliyohusika yameondolewa. Wahusika wanaitwa kwa vyombo vyao: Mwimbaji, Solo, Rithimu, Besi na Drams. Aliyeondoka ni Solo.

Mazingira

Bendi ilikuwa na miaka 4. Solo na Drams walikuwa marafiki tangu sekondari na ndio walioianzisha; wengine watatu walikuja baadaye. Walikuwa na nyimbo zao 9, na nyingine kama 20 za kuiga kwa ajili ya baa na hoteli. Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, kwenye stoo nyuma ya nyumba ya mjomba wa Besi. Kuta zilijaa trei za mayai. Kwa wanaohangaika kuzikusanya: trei hazizuii sauti kutoka nje, zinapunguza kidogo tu mwangwi wa sauti nyembamba mle ndani. Kilichowanusuru na majirani ni magodoro mawili mlangoni, na kuzima saa 2 kamili.

Shoo ya kawaida iliwalipa 250,000. Walitoa 50,000 ya mfuko, iliyobaki wakagawana 40,000 kila mmoja. Mwanzoni kabisa, kabla shoo hazijaanza kulipa, kila mmoja alichanga 20,000 kwa mwezi kwa miezi 14, na hiyo 1,400,000 ndiyo iliyonunua drams za mtumba na simbali zake, chenji ikaanzisha mfuko. Ampli (kikuza sauti) ya gitaa la solo ilinunuliwa baadaye kwa 800,000: Solo alitoa 480,000 mfukoni mwake, mfuko ukaongeza 320,000. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Ilikaa stoo kama vyombo vingine, na kila mtu aliijua kwa namna yake: Solo aliiita ampli yangu, wenzake waliiita ampli ya bendi.

Katiba walikuwa nayo, kurasa mbili, iliyoandikwa kwa ajili ya usajili. Ilisema nani ni mwenyekiti na nani ni katibu. Mtu akiondoka inakuwaje, haikusema.

Hapa inafaa kukumbuka muziki wa dansi, maana watu wengi husema kuhama bendi ni jambo la kawaida Tanzania, kwa nini vijana wa roki walichukulie kama msiba. Ni kweli, dansi imeishi kwa kuhamana. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 kwa wanamuziki waliotoka bendi za Juwata (jina la baadaye la NUTA Jazz) na Dar International, na wapenzi wa pande zote wakaendelea kucheza. Lakini bendi nyingi za zama zile vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Magitaa, spika na ngoma vilikuwa vya chama. Mwanamuziki akihama aliondoka na sauti yake au vidole vyake, na wenzake hawakuwa na cha kumdai. Bendi ya vijana wanaochanga wenyewe haiko hivyo. Kila spika ina jasho la watu watano ndani yake, kwa hiyo anayetoka lazima atoke na kitu cha mwenzake, hata asipokusudia.

Mtiririko wa matukio

Hoteli moja upande wa Moshi ilikuwa inatafuta mpiga gitaa wa bendi yake ya ndani, siku 5 kwa wiki, 450,000 kwa mwezi. Solo alikuwa ndiyo kwanza amepata mtoto. Alikubali siku ya Jumatatu, akatakiwa aanze Jumatano ya wiki iliyofuata. Siku hiyo hiyo alimwambia Rithimu peke yake na kumwomba anyamaze mpaka apate maneno mazuri ya kuwaambia wengine. Rithimu akanyamaza.

Alhamisi Solo alikuja mazoezini, akapiga kama siku zote. Saa 2 akachomoa kebo, akaikunja kwenye kiwiko, akasema jeki ya ampli, yaani tundu la kuchomekea kebo, inagusa vibaya, anaipeleka kwa fundi. Ampli ile ni zaidi ya kilo 20. Drams ndiye aliyemsaidia kuibeba mpaka kwenye bajaji, akasimama barabarani akimwelekeza dereva apite taratibu kwenye matuta. Jeki haikuwa na tatizo lolote.

Jumamosi, saa 5 usiku, kundi la WhatsApp lilipata ujumbe: "Wadau, nimepata riziki Moshi, naanza Jumatano. Samahani kwa ghafla. Tutaongea." Dakika hiyo hiyo akatoka kwenye kundi.

Jumapili wanne waliobaki walikutana stoo. Wiki moja mbele, Jumamosi, walikuwa na shoo ambayo mwenye ukumbi ameshawapa advansi ya 200,000. Walimpata chalii mmoja anayepiga kanisani, mwenye sikio zuri sana. Akafanya nao mazoezi mara moja kwa gitaa la akiba la Rithimu. Siku ya shoo akaja na gitaa lake, na hapo ndipo palipoharibika.

Bendi hupiga nusu noti chini ya kawaida, kwa sababu Mwimbaji akichoka hafiki juu. Gitaa la akiba lilikuwa limeshatyuniwa hivyo, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni. Gitaa lake lilikuwa la noti ya kawaida, tena lile lenye daraja la kuelea, ambalo nyuzi zinavutana na springi nyuma ya gitaa. Ukilegeza uzi mmoja, springi zinalivuta daraja, nyuzi nyingine 5 zinapanda. Unazunguka nyuzi zote sita mara tatu, mara nne, na kabla ya hapo ufungue vibana vya shingoni kwa ufunguo wa pembe sita, ambao siku hiyo haukuwepo. Shoo ilichelewa dakika 35. Mwenye ukumbi akakata 100,000. Njiani kurudi, lawama yote ya ile laki moja ikawekwa kichwani kwa Solo.

Wiki ya tatu ikaonekana kwamba ukurasa wa bendi ulifunguliwa kwa namba ya simu ya Solo. Wenye kumbi walikuwa wanatuma ujumbe kule, naye ndiye anayeuona. Hakujibu kwa siku 11, kwa hoja kwamba wameshafuta picha zake na hawapokei simu zake, ajibu kama nani? Kazi mbili zikapotea. Rekodi za nyimbo 4 nazo zilikuwa kwenye kompyuta yake.

Mwezi wa pili bendi ilipiga upya wimbo mmoja na kuupandisha kwenye ukurasa mpya bila jina lake. Wimbo ule umesimama juu ya kipande cha gitaa kinachojirudia mwanzo mpaka mwisho, na kipande kile alikitunga Solo. Akapeleka malalamiko, video ikaondolewa. Kuanzia hapo watu wa mjini wakaanza kuulizana uko upande wa nani.

Uamuzi uliofanyika na sababu zake

Kikao cha ile Jumapili kilitoa maamuzi matatu, na kila moja lilikuwa na sababu yake.

La kwanza, kumchunia: hakuna kupokea simu yake mpaka arudishe ampli. Hoja ya Besi ilikuwa kwamba wakimjibu ataona ni jambo la kawaida. La pili, kufuta picha zake kwenye ukurasa (wakati huo waliweza, maana Mwimbaji alikuwa bado ameingia kwenye simu yake). Hoja ilikuwa ya kibiashara: mwenye ukumbi asilipie bendi ya watu watano akaletewa wanne. La tatu, kupiga shoo iliyolipiwa. Hili lilikuwa sahihi bila ubishi. Advansi ilikuwa imeshatumika kukodi spika.

Jambo ambalo hawakuliamua ni nani ampigie Solo kwa niaba ya bendi. Kwa kuwa halikuamuliwa, Mwimbaji alimtumia ujumbe wa hasira usiku ule ule, na Rithimu akaendelea kuongea naye kwa siri. Solo akawa anapokea sauti mbili za bendi moja: moja inamwita msaliti, nyingine inamwambia usijali watapoa.

Usuluhishi

Mwezi wa tatu waliingia kwa mzee mmoja aliyepiga tumba kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi, ambaye wote watano humwamkia shikamoo. Alichofanya kinastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu nusu ya mafanikio ilikuwa kwenye utaratibu wenyewe.

Hakuwaita pamoja. Alikaa na kila mmoja peke yake kama nusu saa, na maswali yalikuwa mawili tu: "Anakudai nini? Wewe unamdai nini?" Solo naye aliulizwa hivyo hivyo. Kila jibu aliliandika kwenye daftari lenye safu mbili. Mtu akianza kusema tabia za mwenzake, mzee alimsikiliza, ila kalamu aliiweka chini.

Daftari lilionyesha kitu ambacho wanne hawakukijua. Walikuwa wakisema "sisi tumeumizwa" kana kwamba ni kidonda kimoja. Mwimbaji alidai kazi mbili zilizopotea na aibu ya ukumbini. Besi alidai ampli. Rithimu hakudai kitu. Alikiri kwamba alijua siku tano kabla. Drams alipoulizwa alisema hadai hela, akataja ile bajaji, basi.

Kikao cha pamoja kilifanyika Boma Ng'ombe, njiani kati ya Arusha na Moshi, saa 4 asubuhi ya Jumatatu, siku ya mapumziko ya Solo. Hakuna aliyeenda nyumbani kwa mwenzake. Walianza na hesabu, na ndani ya saa nzima ya kwanza mzee alikataza neno "samahani". Alisema, "Wanangu, msamaha wa mtu anayedaiwa hausikiki."

Walikubaliana bei za vyombo vilivyo kwa siku ile: drams 900,000, ampli 500,000. Mfuko siku Solo alipoondoka ulikuwa na 310,000. Fungu la bendi kwenye ampli ni asilimia 40, yaani 200,000. Hesabu ya kwanza ilikuwa hivi: Solo ana haki ya moja ya tano ya drams, 180,000, na ya mfuko, 62,000, jumla 242,000. Anadaiwa 200,000 za ampli. Kwa hiyo bendi inamdai... hapana, bendi inadaiwa naye 42,000. Kimya kikaingia.

Kisha Besi, ambaye kazini kwake ni mtu wa mahesabu, akasema hesabu ina kosa. Zile 200,000 za ampli zimetoka kwenye mfuko wa watu watano, na Solo ni mmoja wao. Moja ya tano yake, 40,000, ni yake mwenyewe. Kwa hiyo bendi inadaiwa 82,000. Besi ndiye aliyekuwa ameshikilia kidete suala la ampli kuliko wote, na ndiye aliyesahihisha hesabu kwa hasara ya upande wake. Baada ya hapo Solo aliacha kubishana kuhusu mambo yaliyobaki.

Mwimbaji alitaka ile 100,000 ya ukumbini iingizwe kwenye deni. Mzee alikataa: gitaa kutotyuniwa ni la waliokuwepo. Kazi mbili za ukurasani Solo alizibeba. Kwa kuwa haikujulikana zingelipa kiasi gani, alikubali kuachia 50,000 katika zile 82,000. Mfuko ukamlipa 32,000 pale pale, taslimu.

Nyimbo ziliandikwa moja moja: nani alileta kipande cha gitaa, nani maneno, nani mpangilio. Katika 9, Solo alikuwa na mkono kwenye 5. Walikubaliana hizo 5 zipigwe na yeyote kati yao, majina yote ya watunzi yatajwe kila zinapotolewa, na mapato ya rekodi yagawanywe sawa kwa watunzi. Hapa sheria ilikuwa imeshasema kabla yao. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi inaanza kazi inapotungwa. Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unasaidia kuthibitisha, hauizai haki. Mtu hapotezi utunzi wake kwa kutoka kwenye bendi, wala bendi haiwezi kufuta jina lake kwa kufuta picha.

Ukurasa wa zamani ulikabidhiwa pale pale mezani, na mpangilio wake ni muhimu: kwanza kuongeza namba na barua pepe mpya, pili kuthibitisha kwa msimbo unaotumwa kwenye simu mpya, tatu kubadilisha nywila, mwisho kabisa kuondoa namba ya zamani. Ukianza na mwisho unaweza kujifungia nje. Rekodi zilihamishwa kwenye flashi. Wimbo wa dakika 5 wenye chaneli 24 za ubora wa studio unachukua GB 1 na kidogo, kwa hiyo nyimbo 4 zilihitaji GB 4 na ushee. Walikuwa wameambiana flashi yoyote itatosha, na ya kwanza kuletwa ilikuwa ya GB 2.

Matokeo baada ya mwaka

Solo bado yuko Moshi. Bendi ina mpiga solo mpya, yule chalii wa kanisani, ambaye sasa ana gitaa la daraja lisiloelea. Mwimbaji humtaja Solo jukwaani kabla ya kuimba nyimbo zile 5. Besi humpigia simu kila anapotaka kununua kifaa. Rithimu ndiye aliyebadilika kwa namna isiyotarajiwa: amepungukiwa na imani ya wenzake kuliko aliyeondoka, na kwa miezi kadhaa alikuwa haambiwi mipango ya shoo mpaka dakika za mwisho.

Drams humjibu Solo salamu, basi.

Uchambuzi

Kosa la kwanza la bendi lilikuwa kuichanganya ampli na usaliti. Ampli ilikuwa na bei, kwa hiyo kila mwenye hasira aliitundika hasira yake pale, na deni likaonekana kubwa kwa sababu halijawahi kupigiwa hesabu. Miezi mitatu mtu aliitwa mwizi mjini, na karatasi ilipoandikwa yeye ndiye aliyekuwa anadai. Hesabu ile ingewezekana wiki ya kwanza kwa kalamu moja.

Kumchunia kulizaa hasara kubwa kuliko kuondoka kwenyewe. Aliyeshika ukurasa, rekodi na mawasiliano ya kumbi ndiye mtu wa mwisho wa kukatiwa simu. Bendi inayopenda kununa inune baada ya kukabidhiwa nywila.

Upande wa Solo, kuihama bendi kwa ajili ya mshahara na mtoto mchanga hakuna aliyekuona ni kosa, hata Drams. Tatizo lilikuwa siku tano za kujifanya. Angesema Alhamisi ile mbele ya wote, ampli ingebaki mezani kama hoja ya fedha. Alivyosingizia jeki, aligeuza hesabu kuwa uongo, na aliyebebeshwa uongo huo ni rafiki yake wa miaka mingi. Tofauti hii inaonekana hata kwa bendi kubwa za nje. Peter Gabriel, mwimbaji wa Genesis, aliwaambia wenzake kwamba anaondoka wakiwa katikati ya ziara, mwishoni mwa 1974, na akaipiga ziara hiyo mpaka ikaisha mwaka 1975. Tamasha lake la WOMAD lilipomwachia madeni, wenzake wale wale walipanda naye jukwaani Milton Keynes, Uingereza, Oktoba 1982, kumsaidia kuyalipa. Dave Mustaine, mpiga gitaa, yeye aliondolewa Metallica Aprili 1983, asubuhi, wakiwa New York, akapewa tiketi ya basi kurudi California. Jina lake liliwekwa kwenye nyimbo 4 za albamu yao ya kwanza mwaka huo huo. Manung'uniko yaliendelea kusikika kwa miaka mingi hata hivyo. Kutajwa kwenye utunzi kunamaliza deni la utunzi. Deni la namna ulivyoagwa linakaa safu nyingine ya daftari.

Na hapo ndipo usuluhishi wa mzee ulipofikia mpaka wake. Safu zake mbili ziliwafaa watatu, kwa sababu watatu walikuwa na madai. Drams hakuwa na kitu cha kuandikwa, kwa hiyo hakuna kilichofutwa. Tunadhani ilikuwa sahihi kutomlazimisha kupeana mkono Boma Ng'ombe. Vikao vingi huharibikia hapo, pale wazee wanapotaka picha ya pamoja kabla ya chakula.

Suala la Rithimu lingeshughulikiwa mapema. Anayeombwa kutunza siri ya kuondoka kwa mwenzake ana jibu moja la salama: "Nakupa mpaka mazoezi ya kesho kutwa, usiposema nasema." Yeye alidhani anamlinda mtu mmoja, akapoteza watatu.

Mwisho wa mwaka bendi ilimwalika Solo apige nyimbo mbili kwenye shoo yao. Drams hakupinga mwaliko, ila aliomba mtu mwingine akae kwenye drams kwa nyimbo hizo. Walimpata kijana wa bendi nyingine. Siku moja kabla, Drams alikaa naye stoo karibu saa nzima akimwonyesha wimbo wa pili, mahali ambapo Solo hukimbiza mwendo kila akiingia kwenye solo yake, tangu sekondari. Alimwambia asimfuate. Ashike mwendo wake, na ngoma ya mguu aikanyage kwa nguvu, Solo ataisikia na kurudi mwenyewe.